Bibi Amekula

Ukumbi wa kuyeyushia alumini ulikuwa na vyungu tisini na sita, safu mbili ndefu, na katika vyote hivyo ni kimoja tu kilichosemwa kwa heshima. Vingine vilikuwa na namba zao, basi. Ukivitaja ulisema "kimekula", "kimechafuka", "kimetulia", kama unavyosema kitu kingine chochote. Lakini chungu namba kumi na mbili kiliitwa Bibi, na Bibi hakuwa wa kusemwa "kimekula". Bibi "amekula". Ukikosea hapo, wenzako walikutazama kama mtu aliyemkatiza mkubwa maneno.

Heshima hiyo haikuja bure. Chungu cha kawaida huishi miaka mitano, kikijitahidi sana sita, kisha kuta zake za kaboni huchoka, umeme ukapitishwa kando, kikapoa na kubomolewa. Bibi alikuwa katika mwaka wake wa nane. Na aliyemwasha, miaka hiyo yote nyuma, alikuwa ni mwanamke wa kwanza kushika zamu katika ukumbi ule, yule ambaye siku yake ya kwanza kazini wanaume walijipanga mikono kiunoni wakingoja aanguke kwa joto. Hakuanguka. Walimpa jina la Sikio, na kwa nini Sikio, utaona mwenyewe.

Kwa asiyejua, chungu hiki si cha maharage. Ni sanduku la chuma lenye urefu wa lori, limetandikwa kaboni ndani, na ndani yake kuna kimiminika chekundu cha kriolaiti, madini yaliyoyeyushwa, chenye joto la digrii mia tisa na sitini, ambacho wafanyakazi hukiita supu. Humo hutiwa unga mweupe, uliotoka kwenye udongo mwekundu baada ya kuoshwa na kuchomwa huko mbali. Unga unayeyuka ndani ya supu kama chumvi ndani ya mchuzi. Juu yananing'inia mapande makubwa ya kaboni, umeme unashuka kupitia hayo, unaupasua unga vipande viwili: oksijeni inashikana na kaboni na kutoka kama gesi, alumini inazama chini na kutulia, inang'aa, ikingoja kukamuliwa. Hapo ndipo sufuria yako ilipoanzia maisha.

Sasa, unga ukipungua ndani ya supu, chungu hushikwa na kwikwi. Gesi inajitandaza chini ya kaboni, umeme unakosa pa kupita, volti zinaruka kutoka nne hadi thelathini, chungu kizima kinatetemeka na taa nyekundu inawaka juu yake. Na ukizidisha unga, nayo ni balaa ya aina nyingine: haumalizi kuyeyuka, unazama, unakuwa matope chini, na chungu kinapoa tumboni. Kazi yote ya Sikio kwa miaka kumi na tisa ilikuwa kusimama katikati ya njaa na kuvimbiwa.

Mwezi ule Bibi alipata kwikwi thelathini na moja.

Mhandisi alikuja na karatasi yenye mistari iliyopanda na kushuka. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye adabu, ana miezi minane tu pale, na kwa kuwa hakuwahi kuzungumza na mtu bila kumwonyesha grafu, walimwita Grafu, ila si mbele yake.

"Mama, hii seli imezeeka," alisema, kwani chungu yeye alikiita seli. "Ijumaa tunaikata umeme."

"Bibi haumwi uzee," Sikio alijibu. "Ana njaa."

"Haiwezi kuwa na njaa. Mashine inailisha kila baada ya dakika chache. Tazama hapa, imeandikwa."

"Mashine inaandika kwamba imemwaga. Haiandiki kwamba amekula." Sikio alimshika mkono, akampandisha ngazi mpaka kwenye mdomo wa mashine ya kulishia. Supu ya chungu hutengeneza gamba gumu juu, ambalo wafanyakazi waliliita ukoko, ingawa ukoko wa nyumbani hukaa chini. Pale mashine ilipopaswa kuutoboa ukoko, chuma chake kilikuwa kimeisha ncha, na unga ulikuwa umejikusanya juu kichuguu kizima, mweupe, haujaguswa. "Hicho ndicho chakula chake. Kiko mezani, mdomo umefungwa."

Mhandisi alikitazama kichuguu. Hakuwa mbishi wa kijinga, ila alikuwa mbishi. Kipuri cha mashine ile, alisema, hakitengenezwi tena, na seli moja haistahili kuhangaikiwa hivyo.

"Nipe siku tatu," Sikio alisema. "Tumlishe kwa mkono, kama zamani."

Wakakubaliana palepale juu ya ngazi, jasho likiwatiririka. Kuanzia Jumanne saa sita mchana hadi Ijumaa saa sita mchana, Bibi asipige kwikwi hata moja. Akipiga, anakatwa saa hiyohiyo, na Sikio atoke sakafuni, ahamie stoo akatoe glavu na miwani, kwa kuwa, Mhandisi alisema taratibu, ukumbi haukuwa na haja tena ya watu wa kubahatisha.

"Na asipopiga?"

"Isipopiga," Mhandisi alisema, akiikazia ile i, "inabaki. Na wewe utawafundisha wote, hata mimi, hicho unachosema unakisikia."

Kubahatisha! Neno lile lilimkaa Sikio kooni kama mwiba wa samaki. Miaka kumi na tisa ya kuunguza nyusi, mtu anakuita mbahatishaji. Alishuka ngazi ile damu inamchemka kuliko supu.

Ukweli ni kwamba sikio lile hakulipata kiwandani. Alilipata jikoni kwa mama yake. Mama yule angeweza kuwa chumba cha pili, anashona, anacheka na jirani, na ghafla akapaza sauti: "Wewe! Maji yanaisha huko!" Na ukifunua kifuniko, kweli, maji yanaisha. Chungu kikiwa na maji ya kutosha huchemka kwa sauti pana, alimweleza bintiye. Yakikaribia kwisha, sauti inakuwa nyembamba, halafu inaanza kuuma meno. Sikio aliingia kiwandani na elimu hiyo, akaiweka kwenye ncha ya mpini mrefu wa mti: ncha moja kwenye ubavu wa chungu, nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Wenzake walimcheka wiki moja. Wiki ya pili waliacha.

Na mama huyo sasa alikuwa kwake, kitandani, umri wa miaka sabini na minane. Homa ilikuwa imekwisha, lakini alikuwa amekata kauli kutokula. Uji, hataki. Supu, hataki, tena supu ya kweli. Siku ya tatu hiyo anaishi kwa vijiko vya maji, na binti mkubwa wa Sikio aliyeachwa kumtunza alikuwa amebembeleza mpaka amekauka ulimi. Wajukuu walimwita Bibi, na nyumba nzima ikamwita hivyo. Kwa hiyo wiki ile Sikio alikuwa na Bibi wawili wenye njaa, na roho yake ilikuwa mkononi asubuhi na jioni.

Zamu zote tatu zilijifunga kibwebwe. Kila baada ya saa moja, mmoja anavunja ukoko kwa nyundo ya hewa, anasukuma unga ndani kwa sepeto kwa kipimo kilekile, halafu anampigia mwenzake kelele juu ya mngurumo wa ukumbi: "Bibi amekula!" Mwenzake anaitikia, "Ashibe!", na yule aliyeitikia ndiye anayeweka alama ya chaki ubaoni. Ndivyo walivyofanya tangu enzi za kulisha kwa mkono, ili watu wawili washuhudie kila mlo. Jumanne ikapita. Jumatano ikapita. Alhamisi Bibi alitulia hata rangi ya moto wake ikarudi ile ya ujana, na Mhandisi akaonekana akipita karibu naye mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa asubuhi Sikio alikuwa zamuni na Dakika. Dakika alikuwa mwanamume wa makamo, mnene, mchapakazi, mwenye jibu moja kwa kila ombi: "Dakika moja." Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na minne na kugombana karibu yote. Saa nne kamili Sikio alimlisha Bibi, Dakika akaitikia na kuchora alama. Mlo wa saa tano ulikuwa zamu ya Dakika, na ndio uliokuwa wa mwisho kabla ya king'ora cha saa sita.

Saa tano kasoro dakika chache, Sikio aliingia chumba cha mapumziko kunywa maji, kama sheria ya joto inavyotaka. Simu zilihifadhiwa humo, kwa sababu sumaku ya ukumbini ni kali, inasimamisha saa za mkononi na kuvuta funguo mfukoni. Akampigia binti yake.

"Bibi amekula?" aliuliza kabla hata ya salamu.

"Mama! Amekula! Bakuli zima la uji, na sasa anauliza kwa nini halikuwa na sukari ya kutosha!"

Nani angejizuia? Sikio alitoka mlangoni mikono juu, machozi na jasho vimechanganyika, akapiga kelele iliyoushinda ukumbi mzima: "Bibi amekula! Bibi amekula!"

Hatua thelathini kutoka pale, Dakika alikuwa anasukuma toroli la unga kuelekea chungu namba kumi na mbili. Akasimama. Akageuka, akakenua meno yote. "Ashibe!" aliitikia. Akaenda ubaoni, akachora alama ya saa tano, vizuri kabisa, kisha akalipeleka toroli mwisho wa safu kwenye vyungu vingine, akinung'unika kwamba mwanamke huyu siku hizi hangoji hata zamu ya mtu. Na Sikio, alipofika ubaoni, aliiona alama ya saa tano iko mahali pake. Akashukuru kimoyomoyo kwamba leo Dakika hakungoja ile dakika yake moja.

Hivyo ndivyo Bibi alivyolala njaa mbele ya watu wawili waliompenda.

Saa tano na dakika arobaini Mhandisi alifika, kishikwambi kilichokingwa dhidi ya sumaku mkononi, akasimama na Sikio mbele ya chungu. Alikuwa muungwana. "Mama, dakika ishirini zimebaki," alisema. "Volti nne nukta tatu. Nadhani nitakuwa mwanafunzi wako."

Sikio alitabasamu. Halafu tabasamu likamkatikia usoni.

Ilikuwa kitu kidogo sana. Katika mngurumo wa vyungu tisini na sita, uzi mmoja ulikuwa umekuwa mwembamba. Alichukua mpini wake, akauegemeza kwenye ubavu wa Bibi, akafumba macho. Sauti pana haikuwepo. Kulikuwa na ile nyingine, ya kuuma meno.

"Ana njaa," alisema.

Mhandisi alitazama kioo cha kishikwambi. "Nne nukta nne. Iko ndani ya kiwango. Na ubao unaonyesha imelishwa saa tano."

"Naona ubao."

"Basi ukiilisha tena sasa utaivimbisha. Unga utazama chini. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hivyo juzi."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomtia Sikio baridi mahali penye joto kama pale. Ubao haukuwa mashine. Ubao ulikuwa Dakika, ulikuwa miaka kumi na minne, ulikuwa mwito na kiitikio. Dakika mwenyewe alikuwa kule mwisho wa safu, mgongo umegeuka, mtu hawezi kumwita akasikia. Akiamini ubao na sikio likawa kweli, taa itawaka kabla ya king'ora, Bibi atakatwa, na yeye stoo. Akiamini sikio na ubao ukawa kweli, atakuwa amemlisha Bibi wake matope kwa mkono wake mwenyewe, na kumthibitishia kijana huyu kwamba lilikuwa neno la haki: mbahatishaji.

"Nne nukta sita," Mhandisi alisema, sauti ikishuka.

Alisikiliza mara moja zaidi. Mahali fulani kichwani mwake mtu alipaza sauti kutoka chumba cha pili: Wewe! Maji yanaisha huko!

"Sogea, baba," alimwambia Mhandisi.

Akashika nyundo ya hewa. Ukoko ulipasuka, ulimi wa moto ukatoka, akaachia nyundo na kushika sepeto. Pipa la akiba lilikuwa palepale. Akachota, akasukuma, akachota, akasukuma, kipimo kamili, si punje zaidi wala pungufu. Unga mweupe uliingia katika wekundu ule na kutoweka. Haukurundikana. Ulitoweka kama maji kwenye mchanga, na hapo akajua.

"Nne nukta tisa!" Mhandisi alikuwa anapiga kelele sasa. "Tano! Tano nukta tatu! Ikifika nane taa inawaka!"

"Mti!" Sikio alifoka. "Nipeni mti mbichi!"

Mlio wa nyundo saa isiyo yake ulikuwa umemfikia Dakika. Alikuja mbio, tumbo mbele, macho yamemtoka pima. Hakuuliza. Alinyakua mti mrefu mbichi uliowekwa ukutani kwa kazi hiyo, wakaushika wawili, wakauchomeka ndani ya supu mpaka chini ya kaboni. Utomvu wa mti ulichemka papo hapo, supu ikatokota na kurukaruka, gesi iliyokuwa imejitandaza ikapasuliwa, unga mpya ukakorogeka kila pembe. Cheche ziliwanyea mabegani. Bibi alitetemeka mara moja, kama mtu anayetaka kupiga kwikwi akaimeza.

"Sita nukta moja," Mhandisi alisema. Akakisogeza kioo karibu na macho. Halafu: "Sita. Tano. Inashuka! Nne nukta tano. Anashuka! Nne nukta mbili!"

Juu ya Bibi, taa haikuwa imewaka. King'ora cha saa sita kikalia.

Dakika aliutupa mti chini, akamgeukia Sikio akihema. "Sasa wewe mwanamke umeingiwa na nini? Unamlisha mara mbili?"

"Mara mbili wapi? Wewe ulimlisha saa tano?"

"Nimlishe vipi wakati umeshamlisha? Si ulitoka kule unapiga kelele Bibi amekula, Bibi amekula! Nikaitikia!"

"Dakika!" Sikio alijishika kichwa. "Yule ni mama yangu!"

Dakika alimtazama, akautazama ubao. Kisha Dakika akaketi juu ya toroli tupu na kuanza kucheka, cheko la kutoka kwenye soli za viatu, na Sikio akacheka mpaka akamwegemea. Watu wa safu ya pili walikuja kuuliza, wakaelezwa, nao wakaanguka kwa kicheko. "Kumbe kweli leo maji yalizidi unga!" mmoja alisema, na hilo likawaangusha upya.

Mhandisi peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama grafu yake: mstari mmoja ulionyanyuka, ukafika karibu kabisa na ukingo, ukarudi. Akaweka kidole mwanzo wa mwinuko.

"Ulisema ana njaa hapa," alisema. "Hapa mashine yangu ilikuwa bado inasema salama. Ubao ulisema salama. Mimi nilisema salama." Akakishusha kishikwambi. "Mama, neno lile nililokwambia juu ya ngazi, nisamehe. Lile la kubahatisha."

Miaka kumi na tisa, na Sikio hakujua alikuwa anangoja kuambiwa hivyo mpaka alipoambiwa. Kifua kilimjaa furaha. Alimpa Mhandisi mpini, akaweka ncha yake ubavuni mwa Bibi, akamwelekeza ile nyingine nyuma ya sikio. Kijana alifumba macho. Polepole uso wake ukafunguka.

"Ni pana," alisema.

"Ndiyo," Sikio alisema. "Ameshiba."

Saa saba walimkamua. Winchi ilileta ile ndoo kubwa ya chuma, mrija ukazamishwa mpaka chini, na alumini ya Bibi ikapanda na kumwagika ndani, laini, nyeupe ya kuumiza macho, tani moja na zaidi, safi kuliko ya vyungu vyote vya safu ile. Zamu mbili nzima zilisimama kutazama kitu walichokiona kila siku ya maisha yao, na walipiga makofi. "Imekula kwa stoo!" Dakika alipiga ukelele. "Glavu zitajitoa zenyewe!"

Sikio alikwenda chumba cha mapumziko akapiga simu, wenzake wakimfuata hadi mlangoni, Mhandisi miongoni mwao. Safari hii simu ilipokewa na sauti nyembamba, ya kikongwe.

"Mama," Sikio alisema, "tumeshinda! Nilisikia kama ulivyonifundisha. Maji yalikuwa yanaisha, mama, na nikasikia."

Upande wa pili mama yake alitega sikio, kama anayesikiliza kitu kutoka chumba cha pili.

"Vizuri, mwanangu," alisema. "Na wewe, umekula?"

Sikio aliketi mezani. Alikuwa hajaonja kitu tangu jana jioni. Machozi yalimshuka tu, yakichora njia katika vumbi jeupe la mashavuni, na kila mtu mlangoni aliyaona. Mhandisi akapenya katikati yao, akafungua kopo lake la chakula, akalisukuma mezani mbele yake pamoja na kijiko. Akangoja mpaka Sikio amemeza tonge la kwanza. Kisha akageuka, akaweka viganja mdomoni, akaupigia ukumbi mzima kelele kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo:

"Sikio amekula!"

Na kutoka safu zote mbili, juu ya mngurumo wa vyungu tisini na sita, wakaitikia: "Ashibe!"